Meza imetoka mistari? Kabla hujalaumu vanishi, uliza msasa

Meza ikitoka vibaya wa kwanza kulaumiwa ni vanishi, wa pili ni mvua, wa tatu ni yule kijana aliyeshika brashi. Msasa hakuna anayeuuliza. Mi mwenyewe nilikuwa hivohivo mpaka siku moja nimemaliza meza ya mninga ya watu sita, nimeipiga msasa mpaka ukipitisha kiganja unateleza kama kwenye kioo, nikapaka steini ya kahawia (ile rangi inayozama ndani ya mbao), kufika dakika kumi naona mistari inatokea katikati, inakatisha meza nzima utadhani paka kalala pale akanoa kucha. Kumbe ilikuwepo muda wote. Nilianza na msasa namba 80 (namba ikiwa ndogo punje ni kubwa) nikaipiga kukatisha nyuzi za mbao ili niwahi, afu nikarukia 320, sasa 320 ikalainisha kwa juu tu na ile mikwaruzo ya 80 ikabaki chini inasubiri rangi.

Tangu siku ile kazi ikiniharibikia naanzia kwenye msasa. Uzuri ni kwamba kila kosa la msasa linaacha alama yake, ukiijua alama unajua pia urudi namba ngapi, kwahiyo tafuta dalili inayofanana na ya kwako hapo chini.

Ila kwanza geuza msasa uangalie mgongoni. Ukiona herufi P mbele ya namba, yaani P120, P240, hiyo ni vipimo vya Ulaya, na ikiwa namba peke yake bila P mara nyingi ni vipimo vya Kimarekani. Mpaka kwenye 220 hivi hazina tofauti ya kukusumbua. Kuanzia hapo kwenda juu zinaachana, 320 ya Kimarekani ni sawa na kama P400, 400 yao inaangukia kati ya P600 na P800, na 600 yao ni karibu na P1200. Mtu ananunua dukani hapa karatasi mbili na kule tatu, anazichanganya, anashangaa 400 ya jana ilikuwa laini ya leo inakwaruza. Chagua mfumo mmoja ukae nao.

Mistari inatokea ukishapaka steini au vanishi

Hii ndo inasumbua watu wengi kuliko zote kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Punje ya P80 ina upana wa kama milimita 0.2, ya P120 ni 0.125, ya P180 ni kama 0.08, ya P240 haifiki 0.06. Sasa kazi ya kila namba ni moja tu, kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. 120 inafuta ya 80, 180 inafuta ya 120. Ukitoka 80 ukaenda 320 unamtuma mtoto akasawazishe mashimo aliyochimba trekta, ataweza, lakini mpaka Jumatano ijayo, na we umempa dakika tano. Mi nazidisha moja na nusu, 80 mara moja na nusu ni 120, 120 mara moja na nusu ni 180, baada ya 180 unaweza kwenda 240 kama kazi inataka. Na kazi nyingi za vanishi ya kawaida hazitaki, 180 inatosha kabisa, hao wanaokwambia upige mbao tupu mpaka 600 wanakumalizia karatasi bure.

Namba ya kuanzia inategemea mbao imetoka wapi. Imetoka kwenye randa nzuri, anza na 120. Ina mistari ya mawimbi ya randa ya mashine, anza 80. Imetoka kwenye msumeno moja kwa moja, hapo usitafute msasa bwana, tafuta randa, maana mtu anayesawazisha mbao ya kuchana kwa msasa namba 40 atalala hoi na bado haitanyooka.

Sasa soma mistari yenyewe. Ikiwa inakatisha nyuzi, kosa ni mwelekeo, ulipiga kwa upana au kwa duara, rudi 120 uende kwa urefu wa nyuzi mpaka iishe. Ikiwa inafuata nyuzi ila ni mirefu na imejaa eneo zima, uliruka namba. Ikiwa ni mmoja au miwili tu, mirefu, imejikata peke yake, hiyo ni punje ngeni, yaani punje ya 80 iliyobanduka ikabaki kwenye meza ikaja kukokotwa na karatasi ya 180, au mchanga wa sakafuni. Dawa yake ni kufuta vumbi kwa kitambaa kila unapobadilisha namba, na usiweke karatasi zako kifudifudi kwenye benchi lenye takataka.

Ikiwa mistari iko kwenye kona tu, pale mbao mbili za fremu ya mlango zinapokutana, ujue ulipiga ile ya kusimama kwanza halafu ukapiga ya kulala ukapitiliza. Geuza mpangilio. Piga kwanza ile inayoishia kwenye kiungo, afu ile inayopita moja kwa moja, yenyewe itafuta ulipopitiliza.

Kuna njia ya kuiona mistari kabla ya steini, na ningeijua mapema ningeokoa mninga wangu. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze tochi karibu kabisa na mbao ili mwanga upite kwa ubavu. Kila mkwaruzo utaonekana kama mtaro. Nyingine ni kupangusa na thina kidogo au spiriti, mbao inakuwa na rangi kama imepakwa vanishi kwa dakika chache, unaona kila kitu, inakauka unarekebisha (mbali na jiko na mwenye sigara tafadhali). Na ya tatu ni penseli, chora mistari ya ovyo meza nzima kabla ya kila namba, piga msasa mpaka penseli yote iishe. Penseli haikuambii kama mikwaruzo ya chini imeisha, inakuambia kama umefika kila mahali, na kona ndo watu hawafiki.

Halafu kuna hii imani kwamba 80 iliyochakaa inakuwa 180. Hapana. Punje zikichakaa hazigeuki kuwa ndogo, zinakuwa butu. Chache zilizobaki na makali bado zinachimba mtaro uleule wa 80, na zilizobutuka hazikati, zinasugua na kuikandamiza mbao mpaka inang'aa kama sehemu ya kushikia jembe. Unafurahi kwamba imelainika, kumbe umeiziba, steini ikija haiingii sawasawa. Ukisikia sauti imebadilika kutoka kwaru-kwaru ikawa ya kuteleza, na mkono umeanza kukandamiza wenyewe, hiyo karatasi imekufa, izike. Msasa ni kitu cha kutumika kikaisha kama misumari, sio cha kurithi.

Vimduara vidogo kama mkia wa nguruwe

Hivi ni vya mashine. Ile mashine ya msasa ya duara ya mkononi inayozunguka huku inacheza, ukiikandamiza inashindwa kucheza, inabaki kuzunguka tu, inachora mikia. Uzito wa mashine yenyewe na wa mkono uliotulia vinatosha, isogeze taratibu, kama sentimita 2 na nusu kwa sekunde. Utaona ni polepole mpaka unachoka kusubiri, lakini ndo hivyo. Iwashe ikiwa imelala juu ya mbao, inyanyue kabla hujaizima. Angalia pia kama matundu ya disiki yamelingana na matundu ya mashine, yasipolingana vumbi halinyonywi, linakaa katikati linasagwa, na vumbi lililosagwa linachora mikia vilevile. Disiki za milimita 125 nyingi zina matundu manane lakini zipo zenye mpangilio tofauti, beba ya zamani dukani ukalinganishe.

Ukimaliza na mashine, chukua karatasi ya namba ileile uliyomalizia, piga kwa mkono kufuata nyuzi mara kadhaa. Hii hatua moja inafuta mikia yote.

Kama vimduara ni vikubwa, ni nusu mwezi, vimezama mpaka unaweza kuvihisi kwa kidole, hiyo ni grenda. Ukipita mitaa ya mafundi wa fanicha, Keko pale Dar kwa mfano, utaiona grenda yenye disiki ya msasa inafanya kazi ya kila kitu, na kwa kuchonga mkono wa kiti ni nzuri, siipingi. Ila kwenye uso wa meza inazunguka kwa kasi kubwa kupita kiasi na inakula kwa ukingo. Ukishatumia grenda usijidanganye na 180, rudi kwenye 80 na kibao bapa uanze upya.

Msasa unajaa haraka, unageuka kama umepakwa ugali

Angalia kilichojaa ni nini. Ikiwa ni vidonge vya njano vinavyonata, ni utomvu, hasa mbao za paini, hizi za Mafinga zikiuzwa hazijakauka vizuri. Mbao mbichi haipigwi msasa, nukta, iache ikauke. Kama imekauka na bado inajaa, tatizo ni kwamba umenunua msasa wenye punje zilizobanana. Kuna karatasi ambayo punje zimefunika uso wote na kuna ambayo zimeachiana nafasi, kama nusu mpaka asilimia 70 tu ya uso ndo ina punje, ya pili ndo inafaa mbao laini na zenye utomvu au mafuta kama mtiki, maana vumbi linapata pa kupita. Ukiiangalia karibu utaona nafasi kati ya punje.

Ikiwa kilichojaa ni unga unaogandiana wa vanishi au rangi ya zamani, tafuta ule msasa wenye weupe kwa juu kama umepakwa poda. Ile poda ni aina ya sabuni ya zinki, kazi yake ni kuzuia rangi isishike. Na kama unabandua rangi nzito ya miaka, kwangua na skrepa kwanza, msasa uje mwishoni.

Msasa wa mkanda wa mashine ukijaa usiutupe, kuna raba ya kusafishia inauzwa, ukikosa chukua soli ya kiatu cha zamani ya raba laini uigusishe mkanda ukiwa unazunguka, uchafu unang'oka wote. Karatasi ya mkono igongegonge nyuma au ipige brashi.

Punje zinamwagika, karatasi inachanika kwenye mkunjo

Hapa sasa ni kuchagua. Ule msasa wa bei ya chini kabisa, punje zimeshikwa na gundi isiyopenda maji, na ukiuacha dukani kwenye unyevu, sema Dar au Tanga wakati wa masika, gundi inalegea na karatasi inajikunja kama chapati. Nimewahi kuuziwa bunda zima duka fulani, nikikunja mara moja mchanga wote unabaki mapajani. Siku hizi kabla sijalipa nakunja kona kidogo, nasugua kwa kidole gumba, punje zikitoka naacha hapohapo. Muuzaji anakasirika, muache akasirike.

Nyumbani weka karatasi zako bapa, kwenye mfuko wa plastiki, kati ya vipande viwili vya plaiwudi. Na usiloweshe msasa wa mbao, wa kulowesha ni msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia watu wa rangi za magari.

Kuhusu mweusi na kahawia. Punje za kahawia au nyekundu-kahawia kwa kawaida ni oksidi ya alumini, hii ndo ya mbao, ngumu, na ikichakaa inavunjika kidogo inatoa makali mapya. Nyeusi mara nyingi ni silikoni kabaidi, kali zaidi kama kioo lakini inavunjika upesi, nzuri kwenye vanishi, laka na chuma, kwenye mninga au mkongo mtupu inachoka mapema na unga wake mweusi unaweza kubaki kwenye vitundu vya mbao nyeupe. Rangi lakini sio sheria maana viwanda vingine vinapaka rangi wanayotaka, soma mgongoni.

Mgongo nao una uzito wake, herufi A ni karatasi nyepesi ya kumalizia, C na D ni nzito za kuanzia, na ule wa kitambaa unaouzwa kwa kukatwa kwenye rola ndo wa kuzungushia miguu ya viti na nakshi, haukatiki ukiuvuta. (Jina lenyewe msasa linatoka kwenye mti, mti wa msasa, majani yake yana ukwaru na wazee walisugulia mbao nayo kabla ya haya makaratasi. Hayana namba, lakini pia hayajikunji kwa unyevu.)

Steini imeshika mabaka, pengine nyeusi pengine nyeupe

Mabaka meupe karibu na viungo ni gundi. Ile gundi nyeupe ilifurika ukaipangusa kwa kidole, ikaziba mbao. Msasa wa 180 unapita juu yake tu, kwangua kwa tezo ndogo au patasi kisha piga 120 na 180 tena.

Kichwa cha ubao, pale ulipokata nyuzi, kikiwa cheusi kuliko sehemu nyingine, ni kwa sababu kinakunywa kama mrija. Kipige namba moja au mbili zaidi, yaani ukimaliza uso na 180 kichwa kimalizie na 240 au 320, kitakunywa kidogo na rangi zitakaribiana.

Mabaka kama mawingu meza nzima, hasa kwenye paini, mara nyingi ni mbao yenyewe, lakini angalia kama ulitumia karatasi iliyokufa sehemu moja na mpya sehemu nyingine. Rudia yote na karatasi mpya ya 150 au 180, usiende juu zaidi kabla ya steini.

Ilikuwa laini, nimepaka vanishi ya maji imeota vinyweleo

Sio kosa lako sana. Maji yanasimamisha nyuzi zilizolazwa na msasa. Zisimamishe mwenyewe mapema, ukimaliza 180 pangusa meza na kitambaa chenye unyevu, iache ikauke kabisa, afu pita na 220 mpya kwa mkono mwepesi, kama unafuta vumbi. Usipige sana ukafika chini, utaanza upya.

Uso una mabonde, mwanga wa dirishani unacheza kama maji

Ulipiga kwa vidole. Vidole vinazama kwenye sehemu laini na kuruka sehemu ngumu, paini ndo inaonyesha zaidi maana pete zake moja laini moja ngumu. Zungushia karatasi kwenye kibao bapa, kibandike kipande cha raba nyembamba au koki chini yake. Karatasi moja ya kawaida ni milimita 230 kwa 280, ukiikata vipande vinne inakaa vizuri kwenye kibao cha ukubwa wa kiganja. Usiikate kwa mkasi wako mzuri, ikunje na uichane kwenye ukingo wa rula ya chuma.

Plaiwudi imetoboka, imetokea rangi nyingine

Pole. Hapo umemaliza ganda la juu, ganda la plaiwudi ya mapambo kwa kawaida halifiki hata milimita moja, na hakuna msasa wa kurudisha. Paka rangi nzito, au bandika ganda jipya. Safari ijayo anza na 180, kwa mkono, usifike kingoni na mashine. Ubao wa MDF (ule wa unga wa mbao uliogandamizwa) nao usiguse uso wake na msasa wa punje kubwa, kazi iko kwenye kingo zinazovimba na kuota pamba, zipake sila (ya kuziba vitundu), zikauke, piga 240, paka tena.

Vanishi imekauka ila ina chembe na vinundu

Kati ya mpako na mpako tumia 320 au 400, mkono mwepesi. Unga mweupe mkavu ukitoka endelea. Vikitoka vidonge vinavyonata kama ubani, acha, bado haijakauka, mpe siku nyingine hata kama mteja anapiga simu. Na ukiwa unatumia vanishi ya maji usisugulie na stilwulu (nyuzi za chuma), vipande vyake vinabaki, vinashika kutu, na kwenye mbao kama mvule au mkongo unaweza kuamka umeona vidoti vyeusi kila mahali.

Pua inawasha, macho yanatoa machozi, ngozi ina vipele

Hii dalili haiko kwenye mbao iko kwako. Vumbi la mvule ni baya kwa hili, la mninga nalo wapo linalowakaba, na vumbi la mbao kwa ujumla shirika la utafiti wa saratani la IARC limeliweka kwenye kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kadiri namba inavyopanda ndivyo vumbi linavyokuwa jepesi, linaelea, hulioni na linaingia ndani zaidi, kwahiyo 240 ni hatari kwa mapafu kuliko 80 japo haionekani hivyo. Kitambaa ulichofunga puani hakizuii hilo, vaa barakoa ya N95 au FFP2 inayobana pembeni, pigia msasa nje au penye upepo unaokupita kutokea nyuma, na jioni ukifagia nyunyiza maji kwanza sakafuni, meza yenye vanishi mbichi uwe umeshaitoa humo ndani.